Kamati ya Kunyoosha Magurudumu

Jumatatu, 4 Machi

Gari limeshuka! Kati ya tairi na bodi haupiti hata mkono. Ushindi!

Shangazi amesafiri kikazi hadi Jumapili, akaniachia ufunguo wa gari lake jekundu la milango miwili, lile la mbio, kwa sharti lililo wazi. Nikilitunza, nitakwenda nalo chuoni mwaka mzima. Nikilivuruga, ufunguo unahamia kwa binti yake. Binti huyo, binamu yangu, alikuwepo sharti likitamkwa. Alitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Nimelishusha kwa sababu za kiitikadi. Msemaji wa wanafunzi hawezi kuwatazama wanafunzi kutoka juu! Hoja hiyo niliiwasilisha mbele ya kamati yangu, ikapita bila kupingwa. Fundi wa mtaani akafunga springi fupi. Zile ndefu nimezihifadhi stoo.

Kasoro ndogo imejitokeza. Magurudumu ya nyuma yameinama, vichwa ndani, miguu nje, kama majirani wawili wanaosengenya. Mafundi huuita mwinamo huo kemba. Mimi nauita changamoto ya mpito.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia chuoni kwa kishindo. Kishindo chenyewe kilitokana na tuta la getini, lakini kishindo ni kishindo. Wa mwaka wa kwanza walipiga makofi. Kisha msemaji wa kundi pinzani akazunguka nyuma ya gari, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi maktaba kama mzee huyu ameteguka nyonga au amezaliwa hivyo. Watu wakacheka. Watu wangu!

Jioni binamu akachuchumaa, akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi. Akasema linaanza kipara kama wajomba zetu, na nikiendelea hivi, kaka, nyuzi zitachungulia. Akanishauri, kwa ulimi wa asali, nilipeleke kwenye kituo chenye mtambo wa kupimia magurudumu. Mwenye macho haambiwi tazama: anatafuta ushahidi wa kumpelekea mama yake. Nikamjibu kwamba tatizo la umma litatatuliwa na umma wenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata mikono ya kurekebisha. Ni vyuma viwili vinavyoshika gurudumu kwa juu, kila kimoja na skrubu katikati. Ukiizungusha, mkono hurefuka na kichwa cha gurudumu husukumwa nje. Chombo cha kidemokrasia kabisa: kinasikiliza.

Kazi ilichukua mchana wote bandani. Nilipandisha gari kwa jeki, nikafunga, nikazungusha, nikaning'iniza timazi la kujengea kando ya gurudumu. Wima! Nikahutubia banda. Nikashusha jeki. Magurudumu yakarudi kusengenya.

Katibu wangu akatamka, kwa unyenyekevu, kwamba gurudumu linaloning'inia si sawa na gurudumu lililosimama. Nimemwagiza aliwasilishe hilo kama pendekezo, si kama ukosoaji.

Alhamisi, 7 Machi

Maelezo yaliyobandikwa kwenye boksi la mikono yanasema gari lipimwe juu ya sakafu tambarare, likisimama kwa magurudumu yake, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mzigo wake wa kawaida! Sentensi nzito. Nimeitafakari tangu kifungua kinywa. Mzigo wa kawaida wa gari la mapambano ni nini, kama si uongozi wa mapambano?

Isitoshe, banda halina viti, na kikao cha leo kilikuwa kinasubiri mahali pa kuketi. Kamati ikapanda garini. Katibu mbele. Nyuma, wamebanana kama vitabu rafuni, Mhamasishaji na Mweka Hazina, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa mwembamba. Mimi chini, na spana. Kikao kiliendelea juu yangu. Kila hoja ilipoafikiwa niligonga bodi mara moja kuunga mkono.

Kila nilipozungusha skrubu, gari lilipaswa kusukumwa mbele na nyuma ili magurudumu yatulie. Mweka Hazina akauliza kama washuke. Nikakataa: akidi ingevunjika. Nikasukuma peke yangu. Uongozi ni mzigo.

Alasiri, uzi wa timazi uligusa ukingo wa juu na wa chini wa gurudumu la kushoto kwa pamoja. Kulia vivyo hivyo. Haki imesimama wima! Kikao kikafungwa kwa nderemo.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwita binamu aje ashuhudie kushindwa kwake. Kamati ilikuwa garini, ikimalizia yatokanayo. Akapiga goti, akatazama uzi kwa jicho moja, akakiri kwamba magurudumu yamenyooka kama maafande. Nikakohoa kwa unyenyekevu.

Kisha akawaomba wageni washuke.

Wakashuka mmoja mmoja. Gari likapumua. Likainuka. Mweka Hazina alipotoa mguu wa pili, magurudumu yakageuza vichwa nje. Majirani waliokuwa wakisengenya, sasa wamenuniana.

Binamu hakucheka. Afadhali angecheka! Alisema pole, kaka. Akaeleza kwamba mama yake huendesha peke yake, kwa hiyo nirudishe skrubu kidogo na kupima akiwa ameketi mtu mmoja tu kwenye usukani. Akajitolea kuketi yeye, maana uzito wake na wa mama yake ni ule ule. Pendekezo la busara, lenye hoja, lililotolewa kwa nia njema. Nimelikataa papo hapo. Kupokea msaada wa upinzani siku mbili kabla ya ushindi ni kuugawa ushindi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeliendesha peke yangu hadi sokoni. Kwenye kona, nyuma inayumba kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Nimelichambua suala hili kwa kina. Magurudumu hayana hatia. Skrubu hazina hatia. Kosa ni upweke! Gari limerekebishwa kwa ajili ya jamii, linaendeshwa na mtu binafsi. Katibu alinong'ona kwamba njia fupi ni kulegeza skrubu. Katibu anahitaji semina.

Azimio: tutaipeleka jamii kwenye buti. Jirani anajenga, ameniruhusu kuchukua mchanga. Nimeshindilia viroba hadi magurudumu yakasimama wima, nikafunika kwa zulia kuukuu. Nimelala usingizi wa mwenye haki.

Jumapili, 10 Machi

Nilimpokea Shangazi stesheni. Gari lilitulia njiani kama mtungi. Alikuwa na masanduku mawili makubwa. Nikampendekezea ayapakate. Akanitazama. Akafungua buti.

Akauliza, taratibu, mchanga huu ni wa nani.

Nikaanza kwa kumkumbusha kwamba historia haijawahi kumhukumu mtu kwa mchanga wake. Akaketi juu ya sanduku, akanisikiliza hadi mwisho: itikadi, timazi, akidi, upweke, yote. Hakunikatiza hata mara moja. Hadhira bora niliyowahi kupata! Nilipomaliza akauliza kama nimekula. Kisha akasema, mwanangu, nilikuachia gari, nimepokewa na lori. Akanyoosha kiganja.

Nikauweka ufunguo humo. Ulikuwa bado na joto la mkono wangu.

Nyumbani akamrushia binti yake. Binamu akaudaka kwa mkono mmoja, bila kuinua macho kwenye sahani yake.

Jumatatu, 11 Machi

Binamu amerudisha springi ndefu, amelipeleka gari kwenye ule mtambo, na amerudi kabla ya chakula cha mchana. Nimechungulia dirishani. Wima, akiwa ndani, na wima akiwa nje. Hakuna jipya: nilishathibitisha Alhamisi kwamba wima inawezekana.

Kamati imefanya tathmini. Tumekubaliana kwa kauli moja kwamba kasoro haikuwa ya kimsingi. Viroba vilikuwa vichache, na Shangazi alikuwa na masanduku mengi kupita kiasi.

Mimi si mtu wa kinyongo. Wala Shangazi. Ili nisichelewe mihadhara, amenitolea stoo baiskeli yake ya ujana, akaifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, akaniomba niitumie kama ilivyo. Nimeikagua. Breki zinashika, kengele inalia, mnyororo umelainika kwa mafuta. Baiskeli nzima kabisa, ina kasoro moja tu.

Iko juu mno.