Ubao wa Drafti na Mtandao wa Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa ushindi.

Juzi Jumamosi nilikuwa nacheza drafti na rafiki yangu Fundi Saa kwenye simu, yeye kwao, mimi kwangu. Kete zangu zimepangika kama gwaride. Mara picha ikaganda, Fundi Saa kaachama. Saa ya mchezo haikuganda. Ikala dakika zangu zote. Picha ilipofunguka, yeye keshajitangaza mshindi. Sasa tuko nne kwa nne, na Jumamosi hii saa nne asubuhi ndiyo ya kumaliza.

Anayeshinda anakaa na ubao. Si ubao wa dukani. Tuliuranda wenyewe ujanani, kifuniko cha sanduku la baba yake, miraba tukaichoma kwa msumari wa moto. Miaka sita sasa uko kabatini kwangu. Mama watoto huweka birika juu yake, mimi huliondoa. Ndiyo ndoa yetu.

Nimefanya upelelezi. Anayekunywa intaneti ya nyumba hii ni mkwe, mke wa mwanangu. Anatafsiri mikutano ya madaktari kwa kompyuta: huyu anasema lugha hii, yule ile, yeye katikati. Nikamwuliza kwa upole. Akanionyesha orodha ndani ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Kila chombo cha nyumba kimewekwa kwenye foleni, wa mbele anahudumiwa kwanza. Wa kwanza, kompyuta yake. Wa pili, kamera ya geti, ambayo kazi yake ni kumtazama paka wa jirani. Runinga ya tano. Wa saba na wa mwisho: Simu ya Baba.

Wa sita ni taa ya kibarazani. Mimi niko chini ya taa.

Mkwe akasema, Baba, sauti ya daktari haisubiri, ikikatika mtu anapasuliwa mguu mzima badala ya mbovu. Nikamwambia mtu ana miguu miwili, mimi nina ubao mmoja. Akacheka. Nami nikacheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha vita.

Jumanne, 4 Machi

Neno la siri la ruta limebandikwa chini ya ruta. Ruta iko juu ya kabati la ukumbini. Nikapanda kiti.

Mama watoto akapita, akauliza nafanya nini huko juu. Nikasema nafuta vumbi. Katika miaka arobaini na moja hajawahi kuniona na kitambaa mkononi. Akavuta stuli, akakaa chini kutazama. Ikanibidi nifute kabati zima, na taa, na juu ya mlango.

Neno la siri nililiandika kiganjani. Nikanawa mikono kabla ya chakula.

Nikapanda tena.

Jumatano, 5 Machi

Neno la kwenye karatasi limekataliwa. Mkwe kalibadilisha. Nikajaribu jina la mwanangu. Nikajaribu jina la mwanangu kwa herufi kubwa. Nikajaribu siku ya harusi yao, ambayo ilibidi nimwulize mama watoto, na yeye akaniuliza kama ya kwetu naikumbuka. Nikabadilisha mazungumzo.

Majaribio kumi na moja. Nimeketi sebuleni nimeshindwa, nikainua macho, nikaona kijikaratasi kando ya mlango. Kimekuwa hapo mwaka mzima: MTANDAO WA WAGENI, na neno lake la siri wazi kabisa.

Hapo akili ikafunguka. Katika nyumba hii kikombe kisicho na ufa anapewa nani? Mgeni. Kiti changu anakalia nani akija shemeji yangu, nami nikatupwa kwenye stuli? Mgeni. Paja la kuku linakwenda kwa nani? Sasa kama ruta ina njia ya wageni, njia hiyo itakuwaje? Pana, iliyofagiwa.

Nikajiandikisha kuwa mgeni nyumbani kwangu.

Nikampigia Fundi Saa papo hapo. Picha kama maji ya mtungini. Nimeweza kuhesabu nywele za pua yake, ziko tisa. Kweli mkwe alikuwa katoka na runinga ilikuwa imezimwa, lakini sioni kama hilo lina uhusiano. Nikamwambia Fundi Saa aandae leso. Akasema yeye anaandaa rafu ya kuwekea ubao.

Mama watoto alikuwa mlangoni. Kasikia yote. Bei ya kunyamaza kwake: runinga nayo iwe mgeni, maana tamthilia yake inakwamakwama penye utamu. Nikakubali. Mwanamke akiamua kukuuza, ni bora mpande gari moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mkwe kasema mezani kwamba mtu amejaribu kuingia kwenye ruta mara kumi na moja. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama watoto. Mama watoto akautazama mchuzi.

Kisha mkwe akasema kwa sauti laini kwamba Jumamosi yeye ana mkutano saa hiyo hiyo, lakini nisiwe na wasiwasi, simu yangu ataipandisha mwenyewe. Atanitengea fungu ambalo hata yeye hataligusa. Nitakuwa wa pili.

Wa pili.

Nimezaa mwenye nyumba, nimenyoa ndevu kwenye beseni la nyumba hii kabla haijaezekwa, halafu niwe wa pili kwa hisani. Nikamjibu kwamba ahsante, mimi si mtoto wa kupandishwa, nikitaka kupanda nitapanda. Akasema anajua, ameona alama za miguu yangu kwenye kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Runinga imekuwa mgeni. Nimeupaka ubao mafuta. Nimeliondoa birika mara tatu.

Jioni mkwe akabonyezabonyeza kompyuta, akaja kuniambia, tayari Baba, kesho ucheze kwa raha. Nikatabasamu kwa huruma. Anaendelea kupanga foleni, mimi nimeshapita mlango wa mbele.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika haraka kabla hasira haijapoa.

Saa nne kamili. Picha safi. Hatua ya ishirini, Fundi Saa kabaki na kete tatu, mimi nne na kingi mbili. Kaanza kukuna sikio. Namjua, akikuna sikio amekwisha. Nikainua kidole kumaliza.

Chumba cha pili mama watoto akawasha runinga. Marudio ya tamthilia yake.

Duara. Duara linazunguka. Nikaita, zima. Akajibu hata yake inazunguka, na bwana harusi kaganda mguu juu. Nikaenda dirishani. Nikapanda juu ya kitanda. Nikaiinua simu kama namwonyesha mtoto mwezi. Huku na huku, saa ya mchezo ikaisha.

Fundi Saa aliporudi kwenye picha, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba ubao niufunge kwa magazeti, plastiki inatoa jasho.

Mkwe katoka kwenye mkutano anaimba. Hakuna sauti iliyokatika, mguu mbovu ndio uliopasuliwa. Akaniona, akaacha kuimba. Akafungua orodha. Nafasi ya pili tupu asubuhi nzima. Akasema, Baba, nilikuwekea sehemu ishirini za intaneti, hakuna aliyekaa. Kule kwa wageni kuna mbili tu, na runinga ya Mama peke yake inakula mbili.

Nikamwuliza, mgeni anapewaje makombo? Akasema ruta hutengenezwa hivyo, ili mgeni asiwamalizie wenye nyumba.

Sijapata kusikia chombo kisicholelewa kama hicho.

Jumapili, 9 Machi

Nimeufunga ubao. Magazeti, kamba, mafundo mawili. Mahali pake kabatini pamebaki mraba usio na vumbi. Mama watoto kasimama na birika mkononi hajui aliweke wapi. Akalirudisha jikoni.

Mkwe akaja kuomba anirudishie simu kwenye mtandao wa nyumbani. Nafasi ya pili bado ipo, na Fundi Saa kakubali marudiano mwezi ujao. Dakika moja tu, Baba. Nikakataa. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekiri.

Isitoshe, nimeutazama ule mpango vizuri. Kosa langu halikuwa kuingia kwa ujanja. Kosa lilikuwa kujifanya mtu. Mashine haiheshimu watu. Kamera ya geti ina fungu lake, haisemeshwi wala haishushwi, na hajawahi mtu kuidhamini. Basi nimeingia chooni na simu, nikabana mlango, nikarudi mtandao wa nyumbani kimyakimya, nikaibadilisha jina. Simu ya Baba haipo tena duniani. Sasa inaitwa Kamera ya Geti.

Mama watoto anagonga. Katumwa na mkwe, ambaye kaona haya kuja mwenyewe. Anauliza kwa nini leo nyumba ina kamera mbili za geti, na moja iko chooni.

Nimemjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba ulinzi umeimarishwa.