Waraka wa Kujaza Kioo

Mwezi Machi mwaka 1998, wananchi wa Wilaya ya Tannery Bend, Pennsylvania, walitangaziwa rasmi kwamba enzi ya mistari myeusi imekwisha. Kuanzia siku hiyo, kila kanda ya filamu inayoazimwa maktaba ya wilaya ingejaza kioo cha televisheni kutoka juu hadi chini. Mkurugenzi wa Idara ya Kanda, Bwana Harlan Stoddard, alifafanua kuwa mlipa kodi amenunua kioo kizima, na serikali yenye adabu haiwezi kumwonyesha picha iliyofungwa utepe mweusi juu na chini kama tangazo la kifo.

"Hiyo mistari inaficha nini?" aliuliza kwa ukali.

Haikuficha kitu. Ilikuwapo kwa sababu filamu ni pana na televisheni ni nyembamba. Ila jambo dogo kama hilo haliwezi kuzuia waraka.

Utekelezaji ulimwangukia Bernadine Wojtasik, fundi pekee wa idara, aliyekaa na mashine yake chini kabisa ya jengo. Waraka Namba 14 ulimwelekeza aikuze picha mpaka ijae, abakize katikati, na kingo mbili azitupe, "kwa kuwa mambo yenye manufaa kwa umma hutokea katikati." Akatii. Kikosi cha wapanda farasi kikabaki farasi mmoja na nusu. Katika filamu moja ya mapenzi, bwana alikaa kushoto, bibi kulia, na katikati yao taa ya mezani. Wilaya nzima ikatazama taa ikiposwa kwa dakika nne. Idara ilipokea barua mbili za pongezi, maana taa ilionekana vizuri mno.

Kisha ikafika zamu ya filamu iliyopigwa mjini hapohapo mwaka 1957, langoni mwa kiwanda cha chuma. Ukingoni kulia, kwa sekunde sita, amesimama Casimir Wojtasik, baba yake Bernadine, mkononi ana kopo la chakula, anacheka. Alifariki mwaka uliofuata, na picha nyingine inayotembea hana. Mjane wake, Bibi Ludwika, mwenye miaka themanini na mmoja, huiazima kanda ile kila Jumapili baada ya misa, akakaa na sahani ya pierogi, vitumbua vya Kipolandi vilivyojazwa viazi, mapajani, akizingoja sekunde zake sita.

Bernadine alipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi.

"Bwana Stoddard, hii moja naomba tuiache ilivyo. Pale ukingoni yumo baba yangu."

"Ana maneno ya kusema?"

"Hana. Anacheka tu."

"Basi huyo ni mtu wa pembeni, mama. Tukianza kuhifadhi watu wa pembeni tutaishia wapi? Ruhusa maalumu sitoi, wala haitakuwepo. Kata."

Akakata. Jumapili simu ikalia.

"Berni, baba yako leo hajaja."

"Mama, kanda imebadilishwa."

"Nimerudisha nyuma mara nne. Au nimemkosea?"

Bernadine alikata simu akalia, kwani mkono uliomtoa baba yake pale langoni ulikuwa wake mwenyewe.

Mwezi Mei gavana akaja kuzindua daraja. Sasa, Bwana Stoddard alikuwa na desturi moja. Magazeti ya kwao huandika majina chini ya picha kwa kuanzia kushoto, kwa hiyo miaka yote yeye husimama mwisho kabisa wa kushoto, atajwe wa kwanza. Safari hii aliwania ukamishna wa kanda za filamu wa jimbo zima, akaagiza filamu ya uzinduzi ipelekwe upesi kwa gavana. Bernadine akaiandaa kwa mujibu wa Waraka Namba 14.

Jibu likaja: "Tumeitazama mara tatu. Tumemwona gavana, mkasi na mbwa. Tafadhali thibitisheni kwamba Bwana Stoddard yupo."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mkurugenzi akashuka chini kwa fundi, mara ya kwanza katika miaka tisa.

"Mimi niko wapi?"

"Pembeni, Bwana."

"Lakini nilikuwepo!"

"Ulisema neno lolote?"

"Nilitabasamu."

"Hata baba yangu alikuwa anacheka."

Stoddard akajifuta jasho. "Nipe ruhusa maalumu basi."

"Haipo, uliikataa mwenyewe. Labda ufute waraka."

Akaufuta palepale, akitia sahihi juu ya mfuniko wa mashine, na kingo zote za wilaya zikarudishiwa haki zake. Kanda pana akaituma bila kuitazama, maana sura yake aliijua.

Kwa gavana waliitazama vizuri. Mwisho wa kushoto alisimama mama mmoja mwenye kofia, mke wa gavana. Kikaingia kiwiko, kikamsukuma. Mama akaishia kwenye maua, na mahali pake akasimama Bwana Stoddard, anatabasamu, utepe mweusi juu yake na mwingine chini. Barua ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: "Sasa tumemwona."

Jumapili simu ikalia.

"Amekuja," alisema Bibi Ludwika, mdomo umejaa pierogi. "Na hiyo mistari yenu myeusi, Berni, hata sikuiona."