Mjane Ni Mimi

Jumatatu, 5 Februari 1962. Asuokrom.
Miaka kumi na minne nimekuwa mjane. Katika kundi letu la maigizo wanawake wote huchezwa na wanaume, na mjane ni mimi, Kwaw Ansere. Leo Mzee Bekoe, mwenye kundi, ametoa nafasi yangu kwa Atta Pobee. Ana miezi mitatu tu kwetu. Eti sauti yangu imekuwa nzito. Nikauliza mimi nitakuwa nani.
"Marehemu," akasema. "Lala tu jenezani. Huko huwezi hata kusahau maneno."
Wenzangu walicheka. Nimeandika majina yao.

Jumanne, 6 Februari.
Atta alipoanza kuomboleza, nikapiga chafya ndani ya jeneza. Nilitaka azomewe. Akina mama wa mbele wakanyakua watoto na kukimbia. Atta akaniinamia: "Mume wangu, hata kufa unafanya nusunusu?" Watu wakarudi, mbavu hawana. Mzee ameagiza nipige chafya kila onyesho. Palepale.

Alhamisi, 8 Februari. Nkwantabisa.
Nimeficha wigi la Atta kwenye gunia la viazi vikuu. Akatokea na upara wake. Nilisahau kwamba huku mjane hunyolewa. Bibi mmoja akapanda jukwaani, akavua kitambaa chake cheusi, akamfunga kichwani. "Pole mwanangu. Wangu nilimzika juzi juzi tu." Wengine wakaleta fufu na mchuzi wa mawese. Harufu niliipata jenezani. Maiti haletewi chakula.
Miaka kumi na minne nimelia mbele za watu. Hakuna aliyewahi kunifunga kitambaa.

Ijumaa, 9 Februari.
Atta kaja na bakuli la mchuzi. Anajua nani alificha wigi. Hajamwambia Mzee.
"Kaka Kwaw," akasema, "nilikuona kijijini kwetu nikiwa mtoto. Mama yangu alilia siku mbili. Ndiyo maana niko hapa. Nitamwomba Mzee tuwe wajane wawili, wewe mke mkubwa. Ila nifundishe kutembea na mtungi kichwani kama wewe."
Nilikula mchuzi wote, uso chini. Machozi yalinilenga, na hapakuwa na mtu wa kuyatazama.

Jumamosi, 10 Februari.
Mzee amekubali. Jumatatu naacha jeneza.
Nimefikiri sana. Mke mkubwa maana yake mzee. Yaani huyu kijana ananiita mzee mbele ya umati, tena kwa adabu. Ameniweza.
Basi nimelegeza ubao wa kwanza wa ngazi ya jukwaa. Atakayeukanyaga wa kwanza ataanguka na mtungi wake. Tuone kama watamletea fufu.
Mzee amepita sasa hivi kupanga namna ya kuingia. Amesema mke mkubwa lazima aheshimiwe, atangulie kupanda. Vizuri. Angalau hilo wamelikumbuka.