Pingamizi Dhidi ya Barua ya Daktari

Jumatatu, 6 Julai 2009. Kibomet, Kitale.

Wiki tatu tangu daktari wa Eldoret aandike kwamba nina usonji. Nimeishi miaka ishirini na saba bila kujua kwa nini watu wananichosha, kisha mzee mwenye tai ya kijani akanieleza kwa saa mbili. Nililia kwa furaha. Sasa nashuku.

Sababu: kabla ya kwenda kupimwa niliazima kitabu cha usonji maktaba, nikakisoma mara mbili na kuandika muhtasari. Sijawahi kufeli mtihani. Je, nina usonji, au niliufaulu?

Leo mwalimu mkuu, Madam Jepkoech, amesema nikimpa barua ya daktari kufikia Jumatatu ijayo, stoo ya vitabu itakuwa ofisi yangu. Meza yangu iko karibu na kengele, yaani kipande cha reli kinachogongwa kwa nyundo mara kumi na moja kwa siku. Kikigongwa, herufi hupotea machoni kwa dakika nne. Barua ninayo. Lakini kama si ya kweli, mimi ni mwizi wa stoo. Tena Ndirangu wa Jiografia anaitaka kwa ramani zake.

Jumanne, 7 Julai.

Nimepata tundu. Ukurasa wa pili wa barua: "Hatazami mtu machoni." Daktari ni rika la baba. Kwetu Bungoma msichana akimkodolea macho mzee wa rika hilo, huulizwa alilelewa wapi. Ameandika adabu zangu kama dalili.

Nimemuuliza Ndirangu, kwa ujanja, kama ameona lolote lisilo la kawaida kwangu. Akasema, "Nabwile, si ni wewe ulipanga vikombe vya walimu kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa?" Kisha akauliza kama haya ni mambo ya stoo. Anajua kitu.

Alhamisi, 9 Julai.

Mpango. Jumamosi wakwe wa dada yangu Lenah wanatoka Tongaren kuja kwetu kujitambulisha. Nitamtazama kila mmoja machoni kwa sekunde tatu. Nikiweza bila shida, basi siku zote zilikuwa adabu tu, na barua naichana.

Nimefanya mazoezi kwa Gathoni, mwenye duka. Moja, mbili, tatu. Akaangalia mizani yake, akaniongezea sukari bila kuombwa. Nimetoka na jasho mgongoni. Nimeandika kwamba ni joto. Kitale, mwezi wa Julai.

Jumamosi, 11 Julai. Bungoma.

Wakwe kumi na mmoja. Nilianza na baba ya bwana harusi, Mzee Makokha. Moja, mbili, tatu. Akainamisha macho. Wa pili akarekebisha koti. Kufika kwa wa tano, nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Mzee Makokha akamgeukia baba, kwa upole, akauliza kama huyu msichana ana neno na watu wa Tongaren. Baba akasema hana. Makokha akasema basi wao wangojee nje kidogo, neno likipatikana waitwe. Wakainuka. Lenah, mwenye siku yake, akaniangalia na sikuhitaji kuhesabu.

Shangazi alinivuta hadi jikoni. "Wewe, ati unawakagua kama ng'ombe wa mnada?"

Nikasema ni utafiti. Mama alinipa beseni la njugu nimenye, akanifungulia chumba cha mahindi, akanirudishia mlango. Yeye akatoka kuwaambia wageni kwamba nilikuwa nikijifunza majina yao. Wakarudi. Wakanywa chai. Lenah ataolewa Desemba.

Kule ndani, katikati ya magunia, nikakumbuka: kila wageni wakija tangu nikiwa na miaka sita, mimi hupewa njugu katika chumba hiki. Lenah hajawahi kupewa njugu.

Jioni nikamuuliza mama. Akasema, "Ulikuwa unaziba masikio chini ya meza. Nikaona huyu anataka mlango, na mtoto hawezi kukaa bure." Nikamwambia lile neno la daktari. Akauliza kama lina dawa. Nikasema halina. Akauliza sasa linasaidia nini. Nikamweleza habari ya stoo.

"Basi chukua stoo, mama," akasema. "Njugu utajinunulia."

Nililala vizuri sana.

Jumapili, 12 Julai.

Nimefikiria tena. Mama ananipenda. Shahidi anayenipenda hafai. Isitoshe, alikubali haraka mno.

Jumatatu, 13 Julai. Kibomet.

Nimempa Madam Jepkoech barua, pamoja na kurasa kumi na nne za pingamizi dhidi ya barua hiyo, zenye vichwa vya rangi tatu na jedwali. Ni haki aone pande zote mbili. Akasoma mistari minne ya kwanza, akapima unene wa karatasi kwa vidole, akanipa ufunguo. Barua yenyewe hata hakuifungua.

Kwa nini hakuifungua? Nashuku amezungumza na mama.

Ndirangu amechungulia na ramani zake, akauliza kama kuna nafasi ukutani. Nikamtazama machoni. Akaenda.

Kengele imegongwa. Huku inasikika kama kijiko kwenye kikombe. Herufi zote zimebaki mahali pake. Nimepanga chaki kwa urefu, nimemenya njugu, sijatamani kumwona mtu yeyote kwa saa tatu.

Mwenye usonji wa kweli angefurahi zaidi ya hivi. Nimeiandika kama pingamizi la sitini na mbili.