Pedali za Mpimaji wa Nje

Jumatatu, 3 Machi

Maisha mapya yameanza. Nimekwenda kazini kwa baiskeli yangu mpya. Mpya kwangu, maana mwenyewe aliyeniuzia ameshaichosha. Haina friwili. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Aliniambia hiyo ndiyo raha yake, mtu na baiskeli wanakuwa kitu kimoja. Kwenye mteremko wa kwanza nikaacha kukanyaga ili nipumzike. Baiskeli haikutaka kupumzika. Mguu ukateleza, pedali ikazunguka na kunirudia kwenye ugoko, nikarukia pembeni, suruali ikachanika mahali pasipoandikika.

Nikafika dukani kinyumenyume. Siku gani nimechagua! Bosi alikuwa ametukusanya. Mama yule hatukusanyi bila sababu. Alisema wateja wameongezeka, anahitaji mpimaji wa nje, mtu wa kwenda majumbani kupima madirisha. Atachagua Jumamosi, ama mimi ama Pasi.

Niandike kitu cha kweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mimi ni mkata mapazia. Miaka yote nimesimama kwenye meza ya kukatia nikitazama ukuta. Nimevalisha nusu ya mji huu na sijawahi kuona hata dirisha moja likiwa limevaa kazi yangu. Naitaka nafasi hiyo. Naitaka kuliko hata hii baiskeli.

Bosi ametoa masharti. Mpimaji afike kwa wakati, awe msafi, avae viatu vya heshima, asimtie mteja huruma. Pasi akatikisa kichwa kwa adabu. Yeye ndiye anayeshona bitana, na jina hilo amepewa kwa sababu suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata kitambaa. Ana baiskeli nyeusi ya zamani yenye keria, kengele na pedali za mpira. Baiskeli ya babu kabisa.

Nyumbani nilikaa kwenye kochi moja tu jioni nzima, maana mama mkwe yuko nasi wiki hii na suruali ilikuwa ileile. Mke wangu aliniuliza kwa nini sinyanyuki kwenda kula. Nikasema natafakari.

Nimetafakari kweli. Mimi sina kosa. Kosa ni la pedali.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi baiskeli. Nilimweleza nataka pedali za kila siku, za mtu mwenye wadhifa. Ana aina tele na anasema zote ni nzuri. Fundi huyu hajawahi kukutana na kitu kibaya ambacho yeye mwenyewe anakiuza.

Nilipombana achague, akanyoosha kidole kwenye zile pana za plastiki, bapa, zenye vipele vidogo vya kuzuia kuteleza. Unakanyaga kwa kiatu chochote, unashuka utakapo. Alisema watu wakizinunua hawarudi tena. Nikajiuliza kwa nini hawarudi. Lazima wako hospitali.

Nikachukua za chuma zenye meno. Meno kabisa, yamesimama kila upande. Hapo mguu utatelezea wapi?

Kufunga nilisema nitafunga mwenyewe. Ya kulia ilitoka kwa urahisi, nikavimba kichwa. Ya kushoto ikagoma. Nilivuta spana kwa mikono, nikaikanyaga, nikamwita mke wangu aniegemee. Ikazidi kukaza. Mama mkwe alikuwa akinywa chai palepale. Aliuliza kwa upole kama nimejaribu kuzungusha upande wa pili. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba, mama, hakuna skrubu duniani inayofunguka hivyo. Akasema haya baba, akaendelea na chai yake.

Alipoingia jikoni nikajaribu upande wa pili. Ikafunguka kama kifuniko cha chupa. Kumbe ya kushoto imetengenezwa kinyume. Mama aliporudi nilimwambia imelegea baada ya kuchoka. Akaitazama spana, akajimiminia chai nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Meno yanashika! Mguu haujateleza hata mara moja. Nimepita mteremko wote nikiwa nimekanyaga, miguu inazunguka kama cherehani, uso mkavu.

Bosi akatupa jaribio. Kila mmoja apeleke pazia kwa mteja, ili aone tunavyosafiri. Pasi alikunja lake ndani ya mfuko, akafunga mfuko kwenye keria, akaenda, akarudi. Sikuona ufundi wowote hapo. Mimi langu lilikuwa pazia la wavu, jeupe, jepesi. Nilijivisha begani kama skafu ili watu waone tunachouza.

Upepo ulilishusha kidogo tu. Meno yakaona. Yakashika ncha. Baiskeli ya kawaida ungeacha kukanyaga mambo yakaishia hapo, lakini hii inaendelea yenyewe, kwa hiyo kila mzunguko ulivuta pazia kidogo zaidi, na mimi pamoja nalo, mpaka kidevu kikagusa usukani. Niliingia dukani nikisukuma baiskeli huku nimeinama, tumeungana. Bosi alichukua mkasi kunitenganisha. Aliuliza kama nilikuwa nakimbizwa na mtu.

Hasara nyingine. Meno yametafuna soli za viatu vyangu vya harusi. Ukivitazama kwa chini utadhani ni chujio.

Hata hivyo sikati tamaa. Kilichonikosesha ni mfumo mbovu wa kushika. Unatakiwa ushike mguu na si pazia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekula njama, na naiandika bila aibu. Au kwa aibu kidogo.

Kama yale meno yametafuna viatu vyangu, yatatafuna na vya Pasi. Kile kiatu chake kinachong'aa, anachokipulizia pumzi na kukifuta kila akipita kwenye kioo cha dukani. Basi nikamkabidhi pedali zote mbili mbele ya bosi. Nikasema ni zawadi, kwa ajili ya undugu wetu wa kazi. Pasi aliguswa. Alinishika mkono kwa mikono miwili na kusema hajawahi kupewa zawadi hapo dukani. Nusura nimwambie ukweli. Nikajikaza.

Mimi nimefunga vikapu. Ni pedali zenye kikapu cha chuma kwa mbele cha kuingiza vidole, na mkanda wa ngozi wa kubana mguu. Fundi alionya kwamba ukikaribia kusimama sharti ulegeze mkanda kwanza kwa mkono. Nikamwambia asinifundishe kusimama, nimesimama maisha yangu yote.

Kwenye taa za barabarani ikawaka nyekundu. Nikasimama vizuri sana. Kisha nikakumbuka mkanda. Nilianguka polepole, nikiwa bado nimekaa sawasawa kwenye siti, kama kabati linalolazwa na wahamishaji. Hakuna kilichonitoka, si mguu wala baiskeli. Kando yangu kulikuwa na teksi. Kioo kikashushwa. Ndani ni bosi!

Aliuliza kama nimeumia. Nikamjibu kutoka chini kwamba hapana, nakagua mnyororo. Akasema hakujua kwamba mnyororo hukaguliwa kwa kulala. Taa ikawa ya kijani, teksi ikaondoka, na mimi nikaendelea kukagua mpaka muuza magazeti alipokuja kunifungua.

Ijumaa, 7 Machi

Njama imeharibika kwa namna ambayo inanichosha hata kuiandika.

Pasi amefika asubuhi na pedali zenye meno, mwenye furaha. Nikatazama miguu yake. Amevaa raba! Raba za turubai zilizopauka. Akashuka, akafungua mfuko, akatoa vile viatu vyake vya kung'aa, akavivaa, akaning'iniza raba kwenye usukani. Akaniambia zawadi yangu inashika vizuri ajabu. Bosi alilitazama jambo lile akasema huyo ni mtu mwenye mpango.

Mpango! Mtu mzima anabeba viatu kwenye mfuko kama mtoto wa chekechea. Nilicheka peke yangu stoo kwa dakika kadhaa, ila kicheko hakikunoga.

Sasa ni kufa au kupona. Nimekwenda kwa fundi nikamwambia anipe kilicho cha mwisho kabisa. Akanipa pedali ndogo za kubana na viatu vyake. Chini ya kiatu kuna kipande cha chuma. Ukikanyaga, chuma kinaumana na pedali, ta! Kutoka unapinda kisigino kwa nje. Viatu vyenyewe ni vyeusi, kwa mbali vinapita kama vya ofisini. Ukitembea vinalia ko-ko-ko kama kwato za farasi ndani ya benki.

Jioni nimefanya mazoezi kwenye korido, nimeegemea ukuta. Kuingia ni rahisi. Kutoka, mguu wa kulia ulikubali, wa kushoto ulikataa, na wa kulia ukaingia tena wenyewe. Mama mkwe akatokea anakwenda kulala. Sikuweza kushuka kumpisha, nikamwamkia nikiwa juu ya baiskeli, kiganja ukutani. Aliuliza kama nasafiri. Mke wangu alikuja akanivua kama anavyovuliwa mtoto aliyesinzia. Alisema kesho nifunge zile pedali za plastiki bapa, angali ana nauli ya kwenda kuninunulia. Akanishika kichwa. Akasema, baba, unataka nafasi au unataka pedali?

Nilimwambia anaongea kama mtu asiyejua baiskeli.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya uamuzi. Bosi ametutuma wote wawili kwa mteja mmoja, mwalimu mkuu mstaafu aliyehamia nyumba mpya. Tukapime, turudi, achague.

Nilimpita Pasi kwenye kona ya kwanza. Nilikuwa naruka! Mtu na baiskeli kitu kimoja, hatimaye. Nilifika nikiwa wa kwanza, msafi, sina hata jasho. Geti lilikuwa wazi. Ua mpana, katikati bustani ndogo ya maua. Mwalimu amesimama barazani.

Nikapinda kisigino. Hakuna. Nikapinda kingine. Hakuna. Kusimama ni kuanguka, na kuanguka mbele ya mteja siwezi tena. Nguzo ya baraza ningeishika, ila ilikuwa imepakwa rangi asubuhi ileile. Basi nikazunguka bustani.

Nilimwamkia shikamoo nikipita. Alipojibu marahaba nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Mzunguko wa pili nikajitambulisha, mimi ndiye mpimaji. Wa tatu nikamuuliza nyumba ina madirisha mangapi. Akaniuliza kwa sauti ya darasani kwa nini sishuki. Ilibidi nizunguke tena ndipo nimjibu kwamba naipoza mashine. Alikaa kitini. Nafikiri alishakutana na wanafunzi wa aina yangu.

Pasi aliingia, akaegesha baiskeli yake, akavua raba, akavaa viatu. Kisha akaja akakimbia kando yangu, akanishika mimi na siti pamoja, akanisimamisha. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alijaribu kunitoa akashindwa, kwa hiyo alifungua kamba za viatu, nikatoka mimi, viatu vikabaki kwenye pedali. Nikaingia nyumbani mwa mwalimu mkuu kwa soksi, kidole kimoja kinachungulia.

Na huko ndani nikaona dirisha.

Kubwa, tupu, jua lote limo sebuleni. Ng'ambo yake mti, paa la jirani, mwanamke anaanika shuka. Nilijua hapohapo litavaa nini, rangi gani, lishuke mpaka wapi. Nikasimama. Nilisahau futi ya kupimia mkononi, nikasahau na kidole changu. Miaka yote ile ya ukuta, halafu hili. Mwalimu alikuja akasimama kando yangu, tukatazama wote, na Pasi akapima nyumba nzima peke yake.

Niliporudi kuchukua baiskeli nilijua nimekosa. Nimeisukuma hadi nyumbani bila kupitia dukani, kwa soksi, viatu vikizunguka vyenyewe kwenye pedali. Kama mtu asiyeonekana anaendesha, na kwa ustadi kunishinda.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi ametangaza. Mpimaji wa nje ni Pasi. Vipimo vyake havikukosea hata kidogo.

Nilikuwa nimeshageuka kuelekea ukutani kwangu aliponiita. Alisema mwalimu amepiga simu. Amesema yule wa viatu amepima vizuri, lakini akirudi, yule wa soksi aje naye, kwa sababu ndiye pekee aliyelitazama dirisha lake. Pasi mwenyewe, aliyepima nyumba nzima peke yake, ameshasema dirisha kubwa halipimiki na mtu mmoja. Kwa hiyo kila anapokwenda nitakwenda naye kushika ncha ya pili ya futi. Sharti moja tu. Baiskeli yangu isisogee karibu na mteja yeyote, nitapanda keria ya Pasi.

Nilikwenda stoo nikalia kidogo kwenye marobota ya bitana, nikatoka.

Leo tumekwenda nyumba tatu. Madirisha! Yapo ya kila namna. Moja la duara. Pasi anaendesha taratibu, anapiga kengele, anasalimia watu. Hakuna kilichochanika, hakuna aliyeanguka, tumefika kila mahali kwa wakati. Mke wangu alinisikiliza kisha akasema bila shaka sasa nimejifunza. Nikamwambia sana.

Ila kuna jambo moja. Ukikaa kwenye keria, miguu inaning'inia. Haina pa kukanyaga. Mtu mwenye wadhifa hawezi kuning'iniza miguu mbele ya wateja. Nimepita kwa fundi jioni. Anavyo vyuma vya kufungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na akitaka anaweza kuviunganisha na mnyororo mdogo, nami nyuma huku nikasaidia kukanyaga. Vina meno. Anasema ni vizuri sana.

Sitamwambia Pasi. Nataka iwe zawadi.