Waraka wa Abiria Halisi

Umma wa Toronto na vitongoji vyake unatangaziwa kwamba Kamati Kuu ya Uhalisi wa Mabehewa ya Reli Nyembamba imeazimia, kwa kauli moja, kujenga behewa jipya la abiria litakalokuwa la zamani kuliko mabehewa yote ya zamani.

Tangazo hilo lilibandikwa mwezi Novemba 1997 kwenye mlango wa karakana moja huko Mount Dennis, na hiyo kauli moja ilikuwa ya Bwana Bahadur Hasanali, mwenyekiti. Wajumbe wengine walikuwa Florida. Walikuwa wazee wa Kizungu wenye mapenzi makubwa na historia na mapenzi madogo na baridi. Theluji ikianza kuanguka wao huondoka, wakarudi Mei. Katiba ya kamati ilisema waliopo ndio akidi. Basi Bwana Bahadur akawa akidi. Alijiitia vikao, akajipa nafasi ya kuchangia, na mara nyingine alilazimika kujikatiza kwa kutoka nje ya mada.

Tusimcheke bado, maana naye alikuwa na lake moyoni. Alizaliwa Nakuru, ambako baba yake alikuwa karani wa tiketi stesheni. Mzee yule aliuza tiketi za daraja la kwanza maisha yake yote kupitia kidirisha kidogo, na hakupata kulikalia hata siku moja. Kwanza kwa sababu ya rangi yake, baadaye kwa sababu ya mshahara wake. Mwanawe alikuja Kanada, akauza mazulia mpaka akastaafu, akahamia ghorofani Etobicoke, akapata kamati. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya uzinduzi treni iondoke, na yeye awe ameketi daraja la kwanza, kiti cha dirishani, kofia magotini. Hakumwambia mtu yeyote ila mkewe Shahbanu, naye Shahbanu akawaambia waumini wenzao wa jamatkhana nzima.

Behewa la asili lililokuwa likiigwa, la mwaka 1878, lilikwisha kuwa kuni zamani. Zilibaki picha, na kutokana na picha hizo mafundi walitakiwa kujenga jingine, likatembee kwenye reli ndogo ambayo kamati ilikuwa imetandika katika bustani moja nje ya mji. Fundi mkuu alikuwa Bonaventure, Mkongo wa Kalemie aliyefanya kazi karakana ya reli kwao kabla ya vita. Viti vilishonwa na mkewe Dative, Mrundi, aliyeitwa Mama Ella kwa jina la mtoto wao. Na mwenyekiti walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa cha kwao.

Januari, Bonaventure alimwita mwenyekiti aje kukagua daraja la tatu. Bahadur akaketi kwenye benchi, akaamuru behewa lisukumwe huku na huko. Akashuka na uso wa msiba.

"Fundi, mgongo hauniumi."

"Merci, Prezida."

"Sikusifu, nakulaumu. Abiria wa mwaka 1878 alishuka ameshika kiuno. Huyu wako atashuka anapiga mluzi. Huo ni uzushi."

Springi zikakazwa. Benchi likapunguzwa upana mpaka likawa la kukalia upande mmoja. Kwa kuwa ekseli zilikuwa kimya mno, ikaundwa Kamati Ndogo ya Mlio. Ikaketi, ikasikiliza, ikapendekeza mlango ulalamike unapofunguliwa lakini unyamaze unapofungwa. Mafundi walipaka vanishi, wakaambiwa inang'aa kuliko historia, wakaikwangua. Bonaventure akaacha kuuliza maswali. Akiambiwa aharibu, aliharibu kwa ustadi.

Daraja la kwanza lilikuwa habari nyingine. Huko uhalisi ulidai mahameli nyekundu, mito minene na springi laini, kwa sababu utafiti wa mwenyekiti haukukuta ushahidi wowote wa mtu wa daraja la kwanza kuumwa mgongo. Dative alishona mahameli ile mpaka vidole vikafanya sugu. Kila mchana Bahadur alipangusa viatu, akapanda, akatandika kitambaa magotini, akala kachori za Shahbanu huku akiutazama ukuta wa karakana kana kwamba unapita.

Aprili likazuka neno. Kule karakana ya kina Bonaventure palikuwa na desturi: behewa jipya likitoka, safari ya kwanza ni ya waliolijenga na jamaa zao. Likianguka, lianguke na aliyelifunga boliti. Bonaventure alimweleza mwenyekiti desturi hiyo tangu mwanzo, na mwenyekiti akasema "bila shaka", vile wauza mazulia wanavyosema bila shaka. Bonaventure akatangaza kanisani. Kwaya ikajiandaa, masufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, yakapangiwa wapishi, na mama yake Bonaventure, bibi kizee ambaye katika maisha yake treni alizopanda ni za mizigo tu, akanunua kitenge kipya.

Bahadur aliposikia habari za masufuria, akaifikiria mahameli, na usingizi ukamruka. Kusema hapana ilikuwa aibu. Lakini mwenyekiti hasemi hapana. Mwenyekiti hutoa waraka. Akautoa, akausoma mwenyewe mbele ya mafundi:

"Kwa madhumuni ya kulinda uhalisi, hatapanda behewa hili abiria yeyote ambaye asingeweza kulipanda mwaka 1878."

Akaukunja waraka, akautia mfukoni.

"Donc, sisi hatupandi," alisema Dative.

"Mama Ella, sikutaja jina la mtu. Ni historia hiyo."

"Na wewe, Papa Prezida?"

"Mimi ni mwenyekiti," alijibu Bahadur, akashangaa kwamba swali kama hilo linaulizwa.

Ili waraka uwe na meno, akaupeleka kwenye ofisi ya jimbo inayosimamia usalama wa reli ndogo, ukasajiliwa pamoja na kanuni za uendeshaji. Jioni ile bibi alielezwa. Alikikunja kitenge chake, akakirudisha sandukuni, wala hakumlaumu mtu. Dative ndiye aliyelia, jikoni, na aliyemwuliza akaambiwa ni kitunguu.

Siku ya uzinduzi ilifika mwezi Juni. Wajumbe walikuwapo wote, weusi kwa jua la Florida, na kofia ndefu za kukodi. Bahadur alivaa koti jeusi lenye mkia. Shahbanu alishika kamera. Kwaya nayo ilikuja, kwa kuwa sombe ilikwisha kupikwa na haiwezi kurudishwa kuwa majani. Wakasimama nyuma ya kamba, bibi mbele yao ndani ya kitenge kipya, waangalie tu.

Akaja pia mkaguzi wa jimbo, mtu mwembamba asiyecheka, faili kwapani. Akasimama kati ya kamati na mlango wa behewa.

"Kanuni zenu zimesajiliwa, na kazi yangu ni kuzisimamia," alisema. "Nani kati yenu angeweza kulipanda behewa hili mwaka 1878?"

Makamu mwenyekiti akasogea mbele kwa kujiamini. "Mimi. Ukoo wangu uko hapa tangu enzi hizo."

"Sikuuliza ukoo. Umezaliwa lini?"

"1926."

"Basi usingeweza. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa wa 1931. Akafuata mwingine, na mwingine, na kila mmoja akarudi nyuma na kofia yake. Bahadur akacheka kile kicheko cha kumwelewesha mteja.

"Bwana mkaguzi, waraka niliuandika mimi. Maana yake si tarehe. Maana yake ni watu wa aina ile."

"Aina gani?"

Bahadur alifungua kinywa. Wajumbe wakamgeukia wote, maana nao walitaka kujua. Kwaya ikamgeukia. Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Kwa mambo ya aina, bwana mwenyekiti," mkaguzi akasema bila ubaya wowote, "nadhani wewe ndiye ningelazimika kukushusha wa kwanza. Nakushauri tubaki kwenye tarehe."

Bahadur akajitolea kuitisha kikao palepale na kuufuta waraka. Akaambiwa inawezekana kabisa, na mabadiliko yataanza kutumika baada ya siku tisini. Akaomba basi treni iondoke tupu, angalau ipigwe picha. Haikuwezekana: behewa tupu ni jepesi, lingeweza kuruka reli kwenye kona. Lilihitaji uzito. Mifuko ya mchanga ilikuwa wapi? Ilikataliwa na kamati tangu Februari, kwa kuwa mchanga haukuthibitishwa kuwa wa mwaka husika.

Hapo Dative akapita chini ya kamba. Alisema kwa Kifaransa, na mkaguzi, kwa kuwa ni mtumishi wa umma, akalazimika kumjibu kwa lugha hiyohiyo.

"Kanuni inakataza abiria. Inakataza uzito?"

"Uzito haukatazwi. Uzito unatakiwa."

"Basi sisi ni uzito."

Mkaguzi akaitazama kwaya, akayatazama na masufuria. "Mnakiri kwamba ninyi si abiria?"

"Hatujawahi kuwa," alisema Dative.

Ikaandikwa hivyo. Wakapanda. Uzito hugawanywa kwa utaratibu, na mkaguzi aliuelekeza mwenyewe: watoto na sauti nyembamba daraja la tatu, na wote wenye miili yao daraja la kwanza, juu ya ekseli. Bibi akawekwa kwenye kiti cha dirishani. Akaipapasa mahameli kwa kiganja, taratibu, akalipokea sufuria la sombe magotini.

Bahadur akasogea mlangoni. Akavua kofia, na kwa Kiswahili, ili wajumbe wasielewe, akasema, "Mama Ella, niandikeni na mimi. Mimi pia ni uzito."

Dative hakucheka. Angeweza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Papa Prezida, uzito umeshapimwa na mkaguzi ameshatia sahihi. Ukiongezeka wewe, ashuke nani?"

Bahadur akachungulia ndani. Hakumwona wa kushuka.

"Bon," Bonaventure alisema kutoka ndani, kwa upole, akimnyooshea bendera ya kijani. "Sisi mafundi tumo humu wote. Inatakiwa mtu wa stesheni aturuhusu. Bila wewe hatuondoki, Prezida."

Akaipokea. Roho ilimuuma, tusifiche. Ilimuuma mpaka macho yakamlowa, na Shahbanu, mwanamke mwenye busara zake, akaishusha kamera. Bahadur akaenda kusimama chini ya dirisha la daraja la kwanza, koti lake la mkia limenyooka, bendera mkononi.

Bibi akainama dirishani. "Baba," aliuliza, "hii treni inarudi saa ngapi?"

Bwana Bahadur Hasanali akajiweka sawa.

"Saa nane na nusu, mama," akajibu. "Safari njema."

Akainua bendera.