Dentiste wa Kukoroma

Gauthier alimwona Katsuva, mnunuzi wa dhahabu wa pale Saio, amesinzia mezani na mizani mkononi. Mzee alikoroma, akanyamaza kabisa, kisha akagutuka kama mtu aliyeibuka majini. Wachimbaji waliongoja kuuza wakacheka. Gauthier hakucheka, mjanja hamcheki ng'ombe wake wa maziwa.

Redioni alishasikia kwamba wanaokatika pumzi usingizini husaidiwa hata na daktari wa meno, anayewatengenezea kifaa cha kuvaa kinywani, kinachovuta taya la chini mbele ili koo lisizibe. Yote hayo ni kweli. Uongo ulikuwa Gauthier mwenyewe tu.

Kesho yake akaja na koti jeupe, akajiita dentiste, yaani daktari wa meno. Alimkagua Katsuva ulimi, akamgonga meno kwa kijiko, akasikitika kwa heshima zote. Mzee aliogopa kikweli: mkewe Emérance hukesha akimtikisa kila pumzi inapokatika, na huenda siku moja asitikisike.

"Plastiki haitaweza taya yako, muzee," Gauthier akasema. "Tutaifunika na zahabu. Mama asijue kwanza, atafurahi ukisha kupona."

Katsuva akatoa kipande cha dhahabu chenye umbo la figo, alichompa Emérance siku ya harusi yao.

Mchana huohuo Gauthier alipanda gari la Kasenyi, akiwinda boti ya kuvuka ziwa hadi Uganda. Kwa kuogopa vizuizi vya barabarani alificha kipande shavuni, kama wafanyavyo wachimbaji. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Kasenyi ina mashimo na jua kali. Akalala, akakoroma, kisha akanyamaza.

Mama aliyeketi kando yake na beseni tupu la samaki aliujua ukimya ule. Alikuwa Emérance. Akampiga mgongoni, pumzi ikarudi, dhahabu ikarukia kitenge chake. Aliitazama, akaitambua figo yake ya harusi, akatazama koti jeupe lililochungulia mkobani, lile ambalo sokoni walisema limemgonga mumewe meno, akaifunga dhahabu kwenye pindo la kitenge.

"Mama, hiyo ni yangu," Gauthier akanong'ona.

"Uliitosha wapi? Nani alikupa?"

Mbele yao askari walikuwa wanasimamisha gari. Gauthier akasema hajui.

"Weye iko na ugonjwa, papa," Emérance akamwambia kwa upole. "Sawa na ule wa bwana yangu ku nyumba. Tafuta dentiste wa kweli. Ataangalia taya, atakutuma kwa munganga wa hospitali wapime usingizi yako, kisha ndio atengeneze kifaa. Ule wa bongo, wa kudanganya watu, utamujua: anaanzaka na zahabu."

Gauthier akalisukumiza koti jeupe chini kabisa ya mkoba, akafika Kasenyi bila dhahabu.